Kazi ya utafiti inapokwama katika kompyuta ya nyumbani

Mkulima wa ngano wa Njoro na mwenzake wa viazi huko Molo hutegemea mvua. Kueleza kwa nini mvua hupungua huhitaji mahesabu mengi mno, na ndiyo sababu mradi wa climateprediction.net wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, ulianza mwaka wa 2003 kuyagawa kwa kompyuta za watu wa kujitolea. Kwa njia hiyo watafiti walichunguza ukame ulioikumba Afrika Mashariki mwaka wa 2014.

Mkazi wa Nakuru anaweza kushiriki kupitia programu ya BOINC, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Programu hiyo hupokea kazi, huifanya kompyuta inapopumzika, kisha hurudisha matokeo. Hata hivyo, kazi moja ya hali ya hewa yaweza kuchukua siku nyingi, na wengi huifuta mara tu wanapoona asilimia haisongi. Hilo ni kosa, kwani kazi iliyosimama si lazima iwe imeharibika.

Hatua ya kwanza ni kusoma hali ya kazi kwenye orodha. Ikiwa imesitishwa, huenda kompyuta inatumiwa na mtu, inaendeshwa kwa betri, au programu nyingine zinaielemea. Ikiwa inasubiri kumbukumbu, afadhali kupunguza idadi ya kazi zinazofanywa kwa wakati mmoja. Ikiwa imekamilika lakini haijatumwa, tatizo li katika intaneti: pengine bando limekwisha, au seva ya mradi imezimwa kwa muda. BOINC hujaribu tena yenyewe baada ya muda.

Katika kompyuta kuukuu, tarehe nayo ichunguzwe. Betri ndogo iliyo ndani ikifa, saa hurudi nyuma miaka mingi, na seva hukataliwa kwa kuwa vyeti vyake vya usalama huonekana si halali. Kurekebisha tarehe na kubadilisha betri hiyo hutosha.

Adui mkubwa zaidi ni kukatika kwa umeme, kama ilivyotokea karibu kote nchini Agosti 25, 2023. Kila baada ya muda, kazi huhifadhi hatua iliyofikia. Stima ikipotea, huanzia hapo iliporejea, hivyo asilimia huonekana kurudi nyuma. Lakini kompyuta ikizimika ghafla wakati wa kuhifadhi, faili zaweza kuharibika na jasho la siku nyingi likapotea. Kwa hivyo ni busara kufunga BOINC kabla ya kuzima mashine, na kutumia kipakatalishi chenye betri nzima au kifaa cha UPS.

Iwapo kazi inaonekana inaendelea, lakini muda wa prosesa hauongezeki hata baada ya saa kadhaa, BOINC ifungwe na kompyuta iwashwe upya. Hali ikibaki vile vile, au muda wa mwisho ukiwa umepita, hapo ndipo kazi ifutwe. Kuifuta rasmi ni bora kuliko kuiacha, kwa sababu mradi hupata habari mapema na unaweza kumpa mtu mwingine kazi hiyo. Ikiachwa kimya, watafiti hungoja matokeo yasiyokuja.