Vilainishi vya Meli Rafiki wa Mazingira
Ni mafuta na grisi zinazooza upesi, zenye sumu kidogo na zisizorundikana miilini mwa viumbe wa majini. Hutumika hasa pale shafti ya rafadha inapotokeza nje ya meli; sili zake huvujisha mafuta kidogo kidogo hata chombo kikiwa kizima, kwa hiyo uchafuzi huu hausubiri ajali. Tangu Desemba 2013 Marekani imezitaka meli kubwa kuvitumia katika maji yake, isipokuwa ikishindikana kiufundi. Kipimo cha kawaida ni kuoza angalau asilimia 60 ndani ya siku 28. Vilainishi hivi vikitokana na mafuta ya mimea huganda kwa baridi na kuharibika kwa joto. Vile vya esta za kiwandani huvumilia zaidi, ila maji yakipenya huzivunja na kuacha asidi. Meli nyingine hulainisha shafti kwa maji ya bahari yenyewe.