Mlango wa Kata: Mgombea Mpya wa Udiwani na Sharti la Kudhaminiwa na Chama

Mjadala kuhusu uchaguzi wa madiwani nchini Tanzania hujikita zaidi katika siku ya kupiga kura na siku ya kutangaza matokeo, ilhali kwa mtu anayewania udiwani kwa mara ya kwanza katika jiji kama Dar es Salaam mambo mengi huwa yamekwisha kuamuliwa kabla ya mpiga kura wa kawaida kuombwa maoni yake. Makala haya yanatetea hoja kwamba kikwazo kikuu cha mgombea mpya si uchanga wake wala uhaba wa fedha peke yake, bali ni sharti la kisheria linalomtaka kudhaminiwa na chama cha siasa, na kwamba sharti hilo, hata kama litaendelea kutetewa katika ngazi ya urais na ubunge, halina utetezi wenye uzito katika ngazi ya kata.

Diwani ni mwakilishi anayechaguliwa na wakazi wa kata, yaani eneo la kiutawala ambalo mijini huundwa na mitaa kadhaa, na kwa nafasi hiyo huwa mjumbe wa Baraza la Madiwani, ambalo ndilo humchagua meya, na huongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mambo yanayomfikia mezani ni mitaro iliyoziba, taka zisizozolewa, uhaba wa madarasa, vizimba vya sokoni, zahanati, na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Sifa za kuwania nafasi hiyo si nzito: uraia, umri wa miaka 21, ukazi katika eneo la halmashauri, uwezo wa kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na kipato halali. Baada ya sifa hizo, ambazo mama lishe wa Buguruni au mwalimu mstaafu wa Ukonga anaweza kuzitimiza bila shida, ndipo linapokuja sharti la uanachama na udhamini wa chama, ambalo kwa hakika ndilo linaloamua.

Uzito wa sharti hilo huonekana katika kura za maoni, yaani uchaguzi wa ndani ambao chama huutumia kupima watia nia wake kabla ya kuteua mmoja. Katika Chama Cha Mapinduzi, ambacho ndicho chama tawala na chenye mtandao mpana zaidi wa mashina na matawi, mtia nia huchukua fomu, hupigiwa kura na wajumbe wa chama katika kata, kisha jina lake hupandishwa kwenye vikao vya juu vyenye mamlaka ya kulirudisha au kulikata, hata kama liliongoza kwa kura. Mwenye nafasi nzuri katika utaratibu huu ni yule aliyekaa na wajumbe kwa miaka mingi, akawasindikiza misibani, akachangia harusi zao na kujua nani amenuniana na nani tawini. Mtu anayefahamika mtaani kwa kazi yake lakini asiye na mizizi ndani ya vikao huingia akiwa nyuma. Msemo wa "wajumbe si watu", ulioenea baada ya kura za maoni za mwaka 2020, ulikuwa wa utani, lakini ulieleza vizuri kuliko tafiti nyingi masikitiko ya watia nia waliohesabu ahadi walizopewa kuwa ni kura. Mwaka 2025 chama hicho kilipanua idadi ya wapiga kura wa ndani, hatua iliyopunguza nguvu ya kundi dogo bila kubadili ukweli kwamba mwananchi asiye mwanachama hana sauti katika hatua hiyo.

Udogo wa kundi linaloamua ndio unaorutubisha rushwa. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura kwa kisingizio cha mila, hadi Mahakama Kuu ilipoyabatilisha mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 ikaweka mipaka ya matumizi inayogusa hata uteuzi wa ndani ya vyama. Hata hivyo, hongo kwa wajumbe wachache wanaofahamiana kwa majina ni rahisi kutolewa na vigumu kuthibitishwa kuliko hongo kwa maelfu ya wapiga kura, na mgombea mpya asiyetaka kuitoa hujikuta akishindana na mazoea ambayo sheria inayafahamu lakini haiyafikii.

Katika vyama vya upinzani njia ya uteuzi huwa fupi zaidi, lakini hatari huhamia kwingine, hususan kwenye kuenguliwa, yaani kuondolewa na wasimamizi wa uchaguzi kwa dosari za fomu, jambo lililowakuta wagombea wengi mwaka 2020 na kuwaacha madiwani wengi wakipita bila kupingwa. Sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka 2024 imefuta utaratibu huo wa kupita bila kupingwa kwa kutaka hata mgombea aliye peke yake apigiwe kura. Lakini kura ya ndiyo au hapana haimpi mwananchi mtu wa kumlinganisha na mwingine, na katika uchaguzi wa Oktoba 2025, ambao Chadema, chama kikuu cha upinzani, haikushiriki, uzito wa kura za maoni za chama tawala ulizidi kuongezeka.

Sharti lenyewe si la asili katika siasa za nchi hii. Mwaka 1960 Herman Sarwatt aligombea Mbulu kama mgombea binafsi, akamshinda mgombea rasmi wa TANU, chama kilichoongoza harakati za uhuru, na Tanganyika haikusambaratika. Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, udhamini wa chama ukafanywa kuwa sharti, na Mchungaji Christopher Mtikila akalipinga mahakamani. Mahakama Kuu ilimpa ushindi mwaka 1994. Bunge likajibu mwaka huohuo kwa kurekebisha Katiba. Mahakama Kuu ikampa tena ushindi mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ikaamua mwaka 2010 kwamba suala hilo ni la Bunge. Na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikatamka kwamba katazo la mgombea binafsi linakiuka haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi na uhuru wa kujumuika. Katazo limebaki.

Watetezi wake husema kwamba chama huchuja wagombea, huwawajibisha na huzuia siasa za ukabila na matajiri, na mfano wa Kenya huwapa sehemu ya hoja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu mgombea huru kuwania wadi akiungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hiyo, mradi hakuwa mwanachama wa chama chochote katika miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na kwa hiyo wadi 85 za Nairobi zote ziko wazi kwa asiye na chama. Ni kweli kwamba wagombea huru wengi huko ni walioshindwa au kudhulumiwa katika mchujo wa vyama, wala si raia wapya kabisa, na kwamba fedha huendelea kutamba. Lakini hata hilo lina faida: chama kinachojua kwamba mtu aliyekatwa jina anaweza kwenda kwa wapiga kura na kushinda hulazimika kufikiri mara mbili kabla ya kulikata. Hoja ya kuwajibisha nayo inafaa zaidi bungeni, ambako serikali huundwa na sera za taifa hupitishwa, kuliko katika baraza linalojadili dampo na ushuru wa soko.

Tofauti hiyo ya ngazi ina maana ya kisheria ambayo mjadala huisahau. Sharti la chama kwa rais na wabunge limo ndani ya Katiba, katika ibara ya 39 na ya 67, na kulibadili kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Sharti kwa diwani limo katika sheria ya kawaida ya uchaguzi, na muswada mmoja unaopitishwa kwa wingi wa kawaida wa kura unatosha kuliondoa.