Waraka wa Gauguin Mnadani: Mali ya Nani?

Wahenga walisema kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Msemo huo unamhusu mwandishi na mwandikiwa. Haumtaji mtu wa tatu, yaani mnunuzi, anayeupata waraka baada ya wenyewe kufariki. Mkasa wa waraka mmoja ulioandikwa mjini Arles, kusini mwa Ufaransa, mwanzoni mwa Novemba 1888, unadhihirisha uzito wa suala hilo.

Paul Gauguin, mzaliwa wa Paris wa mwaka 1848, aliwahi kufanya kazi katika soko la hisa kabla ya kujitoa kabisa kwa uchoraji. Tarehe 23 Oktoba 1888 aliwasili Arles, akakaribishwa na Vincent van Gogh, Mholanzi, katika nyumba iliyojulikana kwa jina la Nyumba ya Manjano. Siku chache baadaye wawili hao walimwandikia kwa pamoja rafiki yao Émile Bernard, mchoraji kijana wa miaka 20. Van Gogh ndiye aliyetangulia, akaandika kwa Kifaransa, lugha ambayo si ya mama yake. Gauguin akamalizia kwa mistari michache.

Yaliyomo yanachanganya mambo makubwa na madogo. Van Gogh anamweleza Bernard jinsi tabia ya mgeni wake inavyomvutia, anataja matembezi yao katika madanguro ya mji, anazungumzia wazo la kuunda chama cha wachoraji, na anatabiri kwamba sanaa itazaliwa upya, tena katika nchi za joto. Gauguin, kwa upande wake, anamtahadharisha Bernard asimsikilize sana Vincent, kwa kuwa ni mwepesi wa kusifu. Hata hivyo, juu ya nchi za joto anakubaliana naye, na anaongeza kwamba anakusudia kurudi huko akipata fedha.

Kwa mwanahistoria, sentensi hiyo ya mwisho ni ushahidi wa thamani. Gauguin alikuwa amekwisha kuishi kisiwani Martinique mwaka 1887. Mwaka 1891 alisafiri kwenda Tahiti, koloni la Ufaransa tangu 1880. Akafariki katika visiwa vya Marquesas mwaka 1903. Waraka unathibitisha kwamba safari ya 1891 haikuzuka ghafla. Unathibitisha pia jambo jingine: nchi za joto zilitajwa kama makao ya sanaa ya wachoraji wa Ulaya watakaokuja, kabla ya wenyeji wake kuulizwa lolote.

Aidha, waraka una sifa ambayo kumbukumbu za uzeeni hazina. Mwishoni mwa maisha yake Gauguin aliandika kitabu Avant et après, ambamo alijionyesha kuwa mwalimu aliyemwongoza Van Gogh. Wakati huo alikwisha kujua mwisho wa kisa: ugomvi wa tarehe 23 Desemba 1888, sikio lililokatwa, na kifo cha Van Gogh mwaka 1890. Waraka wa Novemba haujui lolote kati ya hayo. Ndani yake wanazungumza watu wawili walio sawa, mmoja akimtania mwenziwe kwenye karatasi ileile.

Karatasi hiyo hatimaye iliangukia mikononi mwa Aristophil, kampuni ya Kifaransa iliyoanzishwa mwaka 1990. Kampuni hiyo iliwauzia watu wapatao 18,000 hati za kale, mara nyingi kwa mafungu: hati moja iliweza kuwa na wenyewe wengi, ambao hakuna hata mmoja wao aliyeishika mkononi. Ilifilisika mwaka 2015, huku wachunguzi wakishuku kwamba fedha za wateja wapya zilitumika kuwalipa wa zamani. Hapo hati zake zikaanza kupigwa mnada. Tarehe 16 Juni 2020 waraka wa Arles uliuzwa Paris kwa euro 210,600. Mnunuzi alikuwa Jumba la Makumbusho la Van Gogh la Amsterdam.

Je, jumba hilo lilinunua nini? Maneno yenyewe hayakuwa siri, kwani yalikuwemo katika chapisho kamili la nyaraka za Van Gogh la mwaka 2009. Sheria ya Ufaransa nayo inatofautisha vitu viwili: karatasi ni mali ya aliyeandikiwa, naye aweza kuiuza, haki ya kuyachapisha maneno hubaki kwa mwandishi na warithi wake, mpaka muda uliowekwa na sheria uishe. Kilichonunuliwa, basi, ni kile ambacho chapa haiwezi kukitoa: wino, mkunjo wa karatasi, na mahali ambapo mkono mmoja unakoma na wa pili unaanza.

Bei ya mnada hupima tamaa ya wanunuzi, haipimi maarifa. Laiti waraka huo ungenunuliwa na mtu wa kuufungia sandukuni, chapisho la 2009 lingebaki bila asili ya kulisahihishia, na msomaji angelazimika kuamini tu. Sasa unahifadhiwa mahali ambapo mtafiti aweza kuomba kuuona. Nusu ya kuonana waliyomkusudia Bernard imekuwa fungu la umma, na hilo ndilo fungu pekee lisilogawanyika kwa kuuzwa.