Mgane na Msukule: Historia ya Tuhuma Dhidi ya Aliyebaki Hai Ufipa

Katika uwanda wa juu wa Ufipa, unaoinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, kifo cha mtu ambaye bado alikuwa na nguvu za kulima kilihesabiwa mara nyingi kuwa kazi ya mkono wa mtu, na swali la mkono huo ni wa nani lilianza kuulizwa kabla matanga hayajaanuliwa. Mume aliyefiwa na mkewe, ambaye Kiswahili kinamwita mgane, alikuwa karibu na swali hilo kuliko wengi, kwa kuwa ndiye aliyelala na marehemu chini ya paa moja, ndiye aliyekula naye chungu kimoja, na ndiye aliyebaki na shamba. Historia ya uchawi Ufipa imeandikwa kwa kawaida kama historia ya wachawi na waganga, ilhali ushahidi uliopo unaruhusu kuisoma pia kama historia ya watu wa namna hiyo, yaani watu waliookoka na ambao kuokoka kwenyewe kuliwatia hatiani.

Imani inayohusika zaidi na jambo hili ni ile ya msukule, ambaye sehemu nyingine za Tanzania huitwa ndondocha. Msukule ni mtu anayesadikiwa kwamba hakufa kweli, bali amechukuliwa kwa uchawi, huku kilichozikwa kikiwa kitu kingine, pengine shina la mgomba lililofanywa lionekane kama maiti. Inasemekana kwamba aliyechukuliwa hukatwa ulimi ili asitaje jina la bwana wake, hulishwa pumba, hufichwa mchana, na usiku hutolewa kwenda kulima au kubeba mizigo. Picha hii inatofautiana sana na ile iliyoenezwa na filamu za Marekani tangu ile ya George Romero ya mwaka 1968, ambamo wafu huinuka kwa wingi na kuwala walio hai, na aliyebaki hai huwa shujaa mwenye moyo mgumu anayekimbia na bunduki yake. Kwa msukule mambo yamegeuka: aliye hai ndiye anayemla mfu, kwa maana ya kula jasho lake, na kwa hiyo aliyebaki hai hana pa kukimbilia, kwa sababu hatari haimfuati kutoka makaburini bali inamngoja barazani, miongoni mwa wakwe zake.

Kwamba mfu anatumikishwa shambani si jambo la ajabu katika jamii ambayo utajiri wake wote ulitokana na nguvu za mikono. Wafipa walijulikana kwa kilimo cha ntumba, yaani vilima vidogo vya mviringo vinavyojengwa mvua zinapokaribia kwisha kwa kukata mabamba ya udongo pamoja na majani yake, kuyapindua na kuyapanga ili majani yaoze ndani. Juu ya kilima hicho hupandwa maharage au mazao mengine mepesi, na msimu unaofuata kilima huvunjwa na udongo uliorutubika kutandazwa kwa ajili ya ulezi. Kazi hiyo haina mkato, na jembe moja halifiki mbali. Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyepita Ufipa mwaka 1880, aliwasifu wenyeji wake kuwa wakulima watulivu na wenye bidii kuliko wengi aliowaona njiani. Ni mahali pa namna hii ambapo mtu mwenye shamba kubwa kuliko mikono inayoonekana nyumbani kwake huzua swali, na swali hilo huwa kali zaidi akiwa amefiwa karibuni na mkewe, ambaye alikuwa nusu ya mikono hiyo.

Hata hivyo, si sahihi kuifanya imani hii kuwa mali ya Wafipa peke yao. Mwaka 1970, katika kitabu kimoja kilichohaririwa na Mary Douglas kuhusu tuhuma na maungamo ya uchawi, zilichapishwa insha mbili ambazo zinafaa kusomwa pamoja ingawa waandishi wake walikuwa wakizungumzia pande mbili za bara. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, aliandika juu ya mavuguvugu ya kutakasa uchawi barani Afrika, na Edwin Ardener aliandika juu ya Wabakweri wa Kamerun, waliosadiki kwamba wenye nyumba za mabati walikuwa wameuza ndugu zao kwenda kufanya kazi wakiwa wafu katika Mlima Kupe. Wabakweri walikuwa wameona mashamba makubwa ya Wajerumani yakimeza ardhi na watu wao. Wafipa nao walikuwa na kumbukumbu ya watu waliochukuliwa wakiwa hai na kufanyizwa kazi mbali pasipo na jina, na hapo ndipo, kwa maoni ya mwandishi wa insha hii, mizizi ya mfu anayelima inapaswa kutafutwa kwanza.

Njia za misafara ya karne ya 19 zilipita pembeni na ndani ya Ufipa, zikiunganisha Tabora na mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako Kirando palikuwa mojawapo ya vivuko vya kwenda Marungu, ng'ambo ya ziwa. Mfanyabiashara Tippu Tip alipompiga mtawala Nsama wa Itabwa mwaka 1867, kusini-magharibi mwa ziwa, biashara ya pembe za ndovu na watumwa ilipata nguvu mpya katika eneo lote. Falme mbili za Ufipa, Nkansi na Lyangalile, zilizotawaliwa na ukoo wa Twa, hazikusalimika: Lyangalile iliangukia kwa Kimalaunga, mtawala wa kivita aliyetoka nje, ambaye aliondolewa na kikosi cha Mjerumani Hermann von Wissmann mwaka 1893. Mapadri Weupe, yaani wamisionari wa Kikatoliki wa shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie, waliichukua ngome ya Karema mwaka 1885 kutoka kwa Wabelgiji, na mojawapo ya kazi zao za mwanzo ilikuwa kukomboa watumwa, wakiwemo watoto. Mtu aliyechukuliwa na msafara hakuwa na kaburi wala hakuhesabiwa kuwa hai, na ndugu zake walibaki wakijua kwamba mahali fulani analima shamba la mtu mwingine.

Kisha yakaja maafa yaliyofanya kuokoka kuwe jambo la kutiliwa shaka kwa wengi kwa mara moja. Sotoka, yaani tauni ya ng'ombe, ilifagia mifugo ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ndui ikafuata nyuma yake. Funza, mdudu aingiaye katika vidole vya miguu, aliingia kutoka upande wa Kongo na kuwalemaza watu ambao hawakujua bado jinsi ya kumtoa. Malale ikawaua watu wa mwambao wa ziwa mwanzoni mwa karne ya 20. Vita Kuu ya Kwanza ilileta uchukuzi wa lazima wa mizigo ya majeshi, na homa kali ya mafua ya mwaka 1918 ikawakuta watu wakiwa wamekwisha dhoofika. Katika hali hiyo karibu kila nyumba ilikuwa na aliyefiwa, na kila aliyefiwa alikuwa na jirani aliyejiuliza kwa nini huyu amebaki.

Kabla ya ukoloni swali hilo lilikuwa na jibu, japo jibu lenyewe lilikuwa kali. Mwavi, yaani sumu iliyotengenezwa kwa gamba la mti na kunyweshwa mtuhumiwa, ulitumika katika eneo lote kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika: aliyetapika alikuwa safi na aliyekufa alikuwa mchawi. Kwa msomaji wa leo huo ni ukatili mtupu, lakini ni lazima ikubaliwe kwamba mwavi ulikuwa na sifa moja ambayo taratibu zilizofuata hazikuwa nayo, nayo ni kwamba uliimaliza kesi. Mgane aliyetapika alirudi nyumbani kwake akiwa na haki ya kuomboleza. Serikali ya Kijerumani na baadaye ya Kiingereza zilipiga marufuku mwavi, na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilikwenda mbali zaidi kwa kufanya hata kumtaja mtu kuwa mchawi, nje ya kumpeleka mbele ya wenye mamlaka, kuwa kosa. Sheria hiyo ilimlinda mtuhumiwa dhidi ya maneno ya hadharani, ila haikuweza kumlinda dhidi ya kimya cha watu, na mtu anayetuhumiwa kimyakimya hana mahali pa kujitetea.

Katika pengo hilo ndipo mchape alipoingia. Vuguvugu hili, lililoanzia Nyasaland na kuvuka Rhodesia ya Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 1930, liliwafikia Wafipa katika mwongo huohuo. Vijana waliovaa mavazi ya kisasa waliwapanga wanakijiji kwenye mstari, wakawapitisha mmoja mmoja huku wakiwatazama kwa kioo, na yeyote ambaye sura yake ilisomwa vibaya alitakiwa atoe pembe zake, yaani pembe za wanyama zilizojazwa dawa. Wote, wema kwa wabaya, walikunywa dawa ya kuosha uchawi, na iliaminiwa kwamba atakayeurudia atavimba na kufa. Mwanaanthropolojia Audrey Richards, aliyelishuhudia jambo hili kwa Wabemba wa Rhodesia ya Kaskazini, alizikagua pembe 135 zilizorundikwa baada ya ukaguzi mmoja, akakuta kwamba 11 tu ndizo zilizoweza kuitwa kwa hakika dawa za kudhuru. Nyingine zilikuwa kinga na tiba za kawaida, ambazo wenyewe walizisalimisha kwa kuwa kusalimisha kitu ndiko kulikomtoa mtu mstarini.

Kamchape wa mwaka 1963 na 1964, ambaye Willis alimwona Ufipa kwa macho yake na kumwandikia makala iliyochapishwa mwaka 1968, alikuwa mtoto wa mchape huyo, lakini alikuja wakati mwingine kabisa. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru Desemba 1961, machifu walikuwa wanaondolewa madarakani, na vijana walikuwa wakizungumza lugha ya taifa jipya. Waganga wa kamchape na wasaidizi wao waliingia kijijini, wakatumia kioo kuwabainisha wachawi, wakawapekua, wakakusanya pembe na dawa, na wakawachanja watu chale kwa wembe na kusugua dawa ndani yake, ili kijiji kizima kianze upya kikiwa safi. Willis aliona kwamba mzigo wa tuhuma uliwaelemea wazee, na kwamba nguvu ya kuwakabili ilitoka kwa vijana. Ukilitazama jambo hilo kwa upande wa mgane, linapata maana ya ziada: mzee aliyekwisha kuzika mke, pengine zaidi ya mmoja, na ambaye bado alikuwa na mashamba na sauti barazani, alikuwa amebeba ushahidi wa kutosha mwilini mwake kwa kule kuishi tu.

Lakini kuna jambo ambalo kioo hakikulionyesha. Tangu miaka ya 1920 wanaume wa nyanda hizi walikuwa wakiondoka kwenda kwenye dhahabu ya Lupa huko Chunya, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na kwenye mashamba ya mkonge, ambako vibarua wa mkataba waliitwa manamba. Mwanamume aliyekuwa akikata mkonge Tanga wakati mkewe anaugua Ufipa hakuweza kuja kwa wakati, na aliporudi alikuta kaburi na wakwe wenye hesabu zao. Aliyekuwa mbali hakuweza kusingiziwa chungu kilichokuwa jikoni, ila aliweza kuulizwa fedha alizorudi nazo zimetoka wapi. Hatia ya mtu huyo ilikuwa na sehemu mbili ambazo ni vigumu kuzitenganisha: ile aliyopewa na watu, na ile aliyojipa mwenyewe kwa kuwa hakuwepo.

Majirani wa kusini walikuwa na njia ya kuishughulikia hatia hiyo bila kumtafuta mchawi. Kwa Wabemba, aliyefiwa na mwenzi alihesabiwa kuwa amebaki na kifo cha marehemu mwilini mwake, na hakuweza kuoa au kuolewa hadi mrithi kutoka ukoo wa marehemu akiondoe kwa tendo la ndoa. Wamisionari waliupiga vita utakaso huo, na tangu janga la UKIMWI umepigwa vita kwa sababu za afya pia, ambazo hazina ubishi. Kanisa Katoliki, ambalo Ufipa lilipata waumini wengi kuliko sehemu nyingi za nchi, lilitoa kitubio badala yake, yaani maungamo ya siri mbele ya padri, ambayo yaliweza kuituliza nafsi ya mgane pasipo kuyagusa mashaka ya ukoo wa mkewe, kwa kuwa siri ya kitubio ndiyo hasa inayowazuia wakwe wasijue kwamba mtu ameondolewa dhambi.

Sumbawanga, mji mkuu wa Mkoa wa Rukwa ulioanzishwa mwaka 1974, umebaki na sifa ambayo wakazi wake wameizoea na wengi wao hawaipendi. Jina lake hufafanuliwa na wenyeji kuwa ni agizo la kuutupa uchawi, huku Watanzania wa mikoa mingine wakilitumia kwa mzaha kana kwamba ni mahali pa kuufuata. Ufafanuzi wa wenyeji unalingana zaidi na historia, kwa sababu kinachojirudia katika kumbukumbu za uwanda huu ni juhudi za kusafishwa. Vikundi vinavyoitwa lambalamba vimeendelea kuripotiwa katika mikoa ya Rukwa, Katavi na Kigoma hadi miaka ya karibuni, vikialikwa vijijini kufichua wachawi kwa malipo, na polisi wameendelea kuvipiga marufuku kwa kuwa ziara zao huacha watu wamepigwa au wamehama. Wanaoathirika zaidi ni wazee wanaoishi peke yao. Mtawala wa wilaya aliyepewa na sheria ya mwaka 1928 uwezo wa kumhamisha mtuhumiwa wa uchawi na kumpangia mahali pa kuishi angemtambua mzee wa namna hiyo mara moja, ingawa siku hizi mzee mwenyewe ndiye anayefunga mizigo yake, na kijiji anachohamia huwa kimekwisha kusikia habari zake kabla hajafika.