Ukubwa wa maandishi katika tovuti

Ukubwa wa maandishi katika tovuti ni kipimo cha herufi zinazoonekana kwenye ukurasa wa intaneti. Herufi za kitabu kilichochapwa hazibadiliki, lakini za tovuti zinaweza kukuzwa au kupunguzwa kadiri ya mahitaji ya msomaji. Uwezo huo ni muhimu hasa kwa watu wenye uoni hafifu, nao hufanya kazi vizuri pale tu ambapo mtengenezaji wa tovuti hakuuwekea vizuizi.

== Wanaohitaji ==

Mtu mwenye uoni hafifu bado anaona, ila si vya kutosha hata akivaa miwani. Hali hiyo husababishwa na magonjwa kama vile glaukoma, mtoto wa jicho na madhara ya kisukari kwenye retina. Watu wengi wenye ualbino pia wana uoni hafifu tangu kuzaliwa. Aidha, kuanzia umri wa miaka 40 hivi watu wengi huanza kupata shida ya kusoma herufi ndogo kwa karibu.

Asiyeona kabisa hutumia programu inayosoma skrini kwa sauti au kifaa cha Breili, hivyo ukubwa wa herufi haumhusu. Mwenye uoni hafifu mara nyingi husoma kwa macho yake mwenyewe. Hata hivyo mahitaji hutofautiana: anayeona ukungu huhitaji herufi kubwa, lakini yule ambaye eneo lake la kuona limekuwa finyu, kama inavyotokea kwa glaukoma, anaweza kupendelea herufi za wastani ili maneno mengi zaidi yaonekane kwa pamoja. Kwa hiyo hakuna ukubwa mmoja unaowafaa wote, na uamuzi huachwa kwa msomaji.

== Njia za kubadilisha ==

* Kukuza ukurasa wote: kwenye kompyuta, msomaji hubonyeza Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha ili kukuza, alama ya kutoa ili kupunguza, na sifuri ili kurudi ukubwa wa awali. Kwenye kompyuta za Apple hutumika Command badala ya Ctrl.
* Kubadilisha ukubwa wa msingi: vivinjari vingi huanza na pikseli 16. Msomaji anaweza kuongeza kiwango hicho katika mipangilio.
* Kutanua kwa vidole viwili kwenye simu: ni njia ya haraka, lakini mara nyingi humlazimu msomaji kusogeza ukurasa kulia na kushoto kwa kila mstari.
* Vitufe vya tovuti yenyewe, ambavyo kwa kawaida huonyeshwa kwa herufi A ndogo na A kubwa.

== Kazi ya mtengenezaji ==

Mwonekano wa tovuti hupangwa kwa lugha ya CSS. Ukubwa wa herufi ukiandikwa kwa pikseli, haufuati ukubwa wa msingi aliouchagua msomaji. Ukiandikwa kwa vipimo vya uwiano kama rem au asilimia, hubadilika pamoja nao. Kwa mfano, kichwa cha habari cha rem 1.5 huwa pikseli 24 ukubwa wa msingi ukiwa 16, na pikseli 30 ukiwa 20.

Makosa mengine ya kawaida ni kuweka maandishi ndani ya picha, ambayo hupoteza ung'avu yakikuzwa. Kupangia visanduku kimo kisichobadilika, hata maneno yakakatwa. Na kuandika amri inayozuia ukurasa kukuzwa kwenye simu. Tangu iOS 10 ya mwaka 2016, kivinjari cha Safari kwenye iPhone hupuuza amri hiyo.

Madhara yake huonekana zaidi kwenye fomu. Kitufe cha kutuma kikifichika baada ya herufi kukuzwa, mtumiaji hushindwa kukamilisha ombi lake, au hulazimika kumpa mtu mwingine asome taarifa zake za siri za benki au za matibabu.

== Historia ==

Toleo la kwanza la CSS lilitolewa mwaka 1996. Internet Explorer 6, iliyotoka mwaka 2001, ilikuwa na orodha ya kuchagua ukubwa wa maandishi, lakini haikuweza kubadilisha herufi zilizopangwa kwa pikseli. Katika miaka hiyo tovuti nyingi ziliweka vitufe vyake zenyewe. Internet Explorer 7 ya mwaka 2006 iliongeza uwezo wa kukuza ukurasa wote.

== Miongozo ==

Shirika la W3C, lililoanzishwa na Tim Berners-Lee mwaka 1994, lilitoa miongozo ya WCAG kwa mara ya kwanza mwaka 1999. WCAG 2.0 ya mwaka 2008 inataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kupoteza maudhui wala kazi za ukurasa. WCAG 2.1 ya mwaka 2018 iliongeza kwamba maandishi ya kawaida yajipange upya ndani ya upana wa pikseli 320, sawa na skrini ya pikseli 1280 iliyokuzwa kwa asilimia 400, ili msomaji asisogeze ukurasa pande mbili.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake, unataja pia upatikanaji wa intaneti katika kifungu cha 9.

== Faida na mipaka ya vitufe ==

Vitufe humsaidia mgeni asiyejua mipangilio ya kivinjari chake, au anayetumia kompyuta ya maktaba au ya shule. Lakini hufanya kazi kwenye tovuti hiyo moja tu, na vikiwa vidogo mno anayevihitaji havioni. Vitufe bora huonekana wazi, hufikiwa kwa kibodi na hukumbuka chaguo la msomaji anapohamia ukurasa mwingine. Havichukui nafasi ya ukurasa uliopangwa vizuri.

== Tazama pia ==

* Breili
* CSS
* Kivinjari
* Ualbino