Shinikizo la damu, kolesteroli na macho

Retina, utando unaopokea mwanga nyuma ya jicho, humwezesha daktari kutazama mishipa midogo ya damu bila kupasua mwili. Ndiyo maana mwaka 1939 Keith, Wagener na Barker wa Marekani waliwapanga wagonjwa wa presha katika madaraja 4 kwa kuchunguza retina zao. Wa daraja la 4 ndio waliokufa upesi zaidi. Presha ikidumu, kuta za ateri ndogo hunenepa na kuikandamiza vena pale zinapopishana. Damu ikiganda hapo, mtu huamka jicho moja limefifia, bila maumivu yoyote. Kolesteroli ina njia yake: chembe ya mafuta humeguka kwenye ateri ya shingo, ikasafiri na kuziba ateri ya retina.

Wapo wasemao kwamba hayo ni uzee tu. Hoja hiyo ina ukweli kuhusu duara la kijivu linalozunguka sehemu nyeusi ya jicho: kwa mzee halitishi, ingawa kwa kijana linadai kipimo cha kolesteroli. Kuhusu retina, haisimami. Katika utafiti wa UKPDS wa Uingereza (1998), uliofanywa kwa wenye kisukari na presha pamoja, kudhibiti presha kwa makini kulipunguza hatari ya retina kuzorota kwa asilimia 34 kuliko kwa kundi ambalo presha yake haikubanwa sana, na makundi yote mawili yalizeeka sawa. Ushahidi wa dawa za kolesteroli ni hafifu kuliko huo. Mwenye presha achunguzwe retina hata kama anaona vizuri.