Nani Kaiba Rangi ya Majani? Kijani cha Mtoni na Hadithi ya Karafuu

Wiki iliyopita nilikwenda Mtoni, kaskazini kidogo ya Mji Mkongwe, kumsalimia dada yangu. Uani kwake kulikuwa na bati kuukuu lililolazwa chini siku nyingi. Tulipolinyanyua tukakuta nyasi za chini yake zimekuwa manjano, nyembamba, kama mgonjwa aliyetoka kitandani jana. Mpwa wangu wa darasa la tano akaniuliza: "Mjomba, nani kaiba rangi ya majani?"

Nikajibu kwa majivuno ya mtu mwenye digrii: "Hapo hakuna klorofili."

"Klorofili ndiyo nini?"

"Ni rangi ya kijani inayosaidia mmea kutengeneza chakula."

"Inasaidiaje?"

Hapo nikanyamaza. Sentensi ile niliiandika kwenye mitihani nikiwa skuli na nikapewa alama zote. Kumbe nililijua neno, jambo lenyewe sikulijua. Basi nimerudi vitabuni, na leo namjibu mpwa wangu. Nawe kama una mtoto wa skuli nyumbani, msomee.

Tuanze jikoni. Ukitaka kupika unahitaji vitu vya kupika, chombo na moto. Jani lina vyote vitatu. Maji yanapanda kutoka kwenye mizizi. Hewa ukaa inaingia kupitia vitundu vidogo sana ambavyo macho yetu hayavioni. Moto wake ni jua. Lakini mwanga wa jua ni lazima ukamatwe, na mkamataji ndiye klorofili, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia umbijani. Hunasa zaidi mwanga mwekundu na wa buluu. Wa kijani haiutumii sana, sehemu yake hurudishwa, nao ndio unaofika machoni mwetu. Ndiyo maana jani tunaliona la kijani.

Nguvu iliyonaswa inatumika kupasua maji, kisha hatua kwa hatua ile hewa ukaa inageuzwa kuwa sukari. Oksijeni inayobaki inatoka nje, na sisi tunaivuta. Kazi hiyo yote inaitwa usanisinuru. Chini ya bati hapakuwa na mwizi, mwanangu. Nyasi zikikosa mwanga haziwezi kutengeneza klorofili mpya, na ile ya zamani huvunjika taratibu.

Binadamu hawakuyajua haya kwa siku moja. Mwaka 1771 Mwingereza Joseph Priestley aliweka tawi la mnanaa ndani ya chombo kilichofungwa, ambamo mshumaa ulikuwa umezimika. Baada ya siku kadhaa mshumaa uliweza kuwaka tena humo. Mwaka 1779 daktari wa Kiholanzi, Jan Ingenhousz, akaonyesha kwamba mmea huisafisha hewa pale tu unapopata mwanga, na kwa sehemu zake za kijani tu. Mwaka 1817 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, wakaitenga ile rangi na kuipa jina kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja la rangi ya kijani na jingine la jani.

Sasa turudi Mtoni, maana katika karne hiyo hiyo ya 19 kijani kilikuwa kinaandika historia ya kisiwa chetu. Seyyid Said bin Sultan alijenga kasri lake hapa karibu na bahari, na magofu yake yapo hadi leo. Mtoni na Kizimbani ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kupandwa mikarafuu Unguja. Kufikia katikati ya karne Zanzibar ilikuwa inaongoza duniani kwa karafuu.

Tukiwa skuli tulifundishwa kwamba utajiri ule ulitokana na biashara. Ni kweli, ila biashara huuza kitu ambacho kimekwisha kutengenezwa. Karafuu ni ua linalochumwa kabla halijachanua, na ua hilo limejengwa kwa sukari iliyopikwa na majani. Wa pili kutajwa ni watu. Mashimo yalichimbwa, miche ikapaliliwa na karafuu zikachumwa kwa mikono ya watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria hapa mpaka mwaka 1897. Jua lilitoa nguvu zake bure. Watu wale walinyang'anywa zao.

Katika kasri la Mtoni ndimo alimozaliwa Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, mwaka 1844. Mwaka 1866 alitoroka Unguja, mwaka uliofuata akaolewa na kuhamia Hamburg, akajulikana kwa jina la Emily Ruete. Katika miaka hiyo hiyo ya 1860, huko huko Ujerumani, Julius Sachs alionyesha kwamba wanga hutokea ndani ya chembe za kijani za jani likipigwa na mwanga. Jaribio la namna hiyo bado linafanywa maskulini: sehemu ya jani inafunikwa kwa karatasi nyeusi siku chache, kisha mwalimu analitoa rangi kwa spiriti na kulidondoshea ayodini. Palipopata mwanga panageuka bluu iliyokoza karibu na nyeusi. Palipofunikwa hapageuki.

Halafu likaja pigo. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Utauliza, si wangepanda mingine wakachuma mwakani? Jibu liko kwenye jani. Mche una majani machache, na sukari kidogo unayopika unaitumia kwanza kwa mizizi, shina na majani mengine. Maua husubiri. Mkarafuu huchukua kiasi cha miaka sita au zaidi kabla ya kuanza kuzaa. Pemba, ambayo mikarafuu yake ilinusurika zaidi, ikashika uongozi na inao mpaka leo.

Ndiyo maana nasikitika nikiona mti mkubwa umekatwa na mtu anajitetea: "Tutapanda mwingine." Kupanda ni kuzuri, tena tupande. Lakini mche hauwezi kufanya kesho kazi ya mti wa miaka thelathini, kwa sababu jiko lake bado dogo.

Jana nilipita tena kwa dada. Pale palipokuwa na bati nyasi zimeanza kurudi rangi, na mpwa wangu anazikagua kila akitoka skuli. Walimu wetu, nawaombeni: watoto wanyanyue bati kwanza, neno klorofili waliandike baadaye.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.